Mume Wangu Ananitafuta na Mimi Nipo

Shikamoo mshauri. Nakuomba unisome mpaka mwisho maana hapa Kaliua sina wa kumwambia asinicheke. Mimi ni pacha, naitwa Kulwa, na mdogo wangu Doto alifariki tukiwa na wiki mbili, hata simkumbuki. Mume wangu Kasimiri tunalima naye tumbaku mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka minne iliyopita hospitali walisema ana ugonjwa wa akili, skizofrenia, akawa anachomwa sindano kila mwezi na akatulia vizuri tu, mpaka msimu huu alipodai amepona akaacha, na mimi kwa shughuli za shamba nikanyamaza.

Basi akaanza kunikazia macho, siku moja akaniambia, "Sura umeipatia, lakini wewe siyo mke wangu. Wewe ni Doto." Nikacheka nikidhani ananitania, kumbe mwenzangu anatetemeka. Akagoma kula ninachopika, siku tatu anatafuna karanga mbichi, mama mkwe akanishauri, "Mwitikie tu, mwanangu, ili ale." Nikamwitikia kwamba ndiyo, mimi ni Doto. Alimaliza ugali wote, akanawa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa dada yako umemzika wapi?" Tangu hapo kila asubuhi anachimba nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, mashimo yamefika tisa.

Kinachonimaliza ni simu. Nilienda msibani Tura, nikampigia, akapokea kwa furaha, "Kulwa! Uko wapi mke wangu? Rudi, huyu mdogo wako amenivamia nyumbani!" Tukaongea kama zamani. Sasa kila siku najificha nyuma ya kanisa nampigia, ananibembeleza, nalia kwa raha, halafu nikirudi nyumbani ananipisha njia kama ameona nyoka. Mshauri, namwonea wivu huyo mwanamke wa kwenye simu. Juzi sokoni mtu aliniita Kulwa nikachelewa kugeuka. Na jana aliniambia simuni, "Vumilia, Jumapili watu wakienda misa nitambana huyu mpaka aonyeshe ulipo." Panga ameshalinoa. Je, niendelee kumpigia au niache? Nampenda.

Kulwa, Kaliua

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Lakini wewe nawe! Panga limenolewa, unaniuliza habari ya simu? Ndiyo maana sikungoja gazeti litoke, nilikupigia siku ileile. Niliyokwambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine walio ndani ya nyumba kama yako.

Mtu akitaja siku ya kukudhuru, unaondoka kabla ya siku hiyo. Kuondoka siyo kumtupa. Panga, shoka na jembe vinatolewa na ndugu zake, siyo na wewe.

Kasimiri hakurogwa. Ugonjwa huu unaweza kumfanya mtu aone sura ya mkewe na moyo wake ukatae kwamba ndiye, ila sauti peke yake wakati mwingine akaitambua. Hakuchukii. Anakulilia. Kosa lenu lilikuwa kunyamaza sindano zilipoachwa, na kubwa zaidi kukiri kuwa wewe ni marehemu. Mlitaka ale, mkampa ushahidi wa mauaji. Kumbishia nako hakusaidii. Mwambie, "Mimi ni Kulwa. Najua hunioni hivyo, naona unaogopa." Basi, usiongeze neno.

Kuhusu simu, nilikuruhusu mara moja zaidi, umwombe kama mkewe aende hospitali na mdogo wake Festo. Hapo hukudanganya, maana ni wewe uliyeongea. Umenieleza kwamba alikubali, akavaa shati jeupe akidhani anakwenda kukupokea, na pale wodini akakupita bila salamu.

Sina maneno matamu ya kukupa kwa hilo. Dawa zitachukua wiki, pengine miezi, na wapo ambao hawarudi wazima wazima. Hama ukakae kwa ndugu zako, kula, lala, acha wanaokujua wakuite kwa jina lako siku nzima. Simu za kujificha zikome, zinakumaliza wewe. Nenda wodini kila daktari atakaporuhusu, na Festo awe kando yako. Kasimiri akikuuliza wewe ni nani, mjibu. Akikataa, usilie mbele yake. Kesho yake nenda tena.

Apolinaria