Fundo Lako Kwenye Gunia

Baba,

Leo ni siku ya soko hapa Keringet, lakini sijaenda kushona magunia. Nimekaa nyuma ya jiko, sindano nimeiweka chini, na wewe hauko uniambie, "Leah, shona kama mtu amekula."

Watu bado wanakusimulia. Wanasema mzee mmoja mshona magunia aliokoa soko zima, watu wetu na wale wa ng'ambo ya mto. Eti uliona waya ndani ya gunia la viazi lililoachwa kando ya mizani, ukapiga kelele, "Rudini nyuma nyote!" Askari wakatoka Nakuru wakalitegua lile bomu, na hakuna aliyeumia. Wakifika hapo mimi huinamia sindano yangu.

Nilikuwa kando yako, Baba. Ulisimama kwa sababu ya fundo. Kamba mara mbili, inarudi chini ya wavu wa mdomo wa gunia, inabanwa kwa mkono wa kushoto. Ulitufundisha sisi watoto wako wawili tu, mimi na Daudi. Na Daudi alikuwa ameondoka nyumbani tangu wale wa ng'ambo walipotuchomea nyumba, akiapa kwamba hawatauza tena katika soko lile. Hata siku ya kupeleka mauti vidole vyake vilifunga vile ulivyomzoesha. Ulikata kamba, ukachungulia ndani, ukaitia kamba ile mfukoni. Ndipo ukapiga kelele. Askari walipouliza, ukasema hujui gunia ni la nani.

Tangu hapo hukumaliza sahani ya chakula. Daktari alisema ni presha. Mimi niliikuta ile kamba ndani ya koti lako, tukichagua nguo za kukuzika.

Mama sikumwambia. Amehamia kwa dadake huko Subukia, na kila jioni anamwombea Daudi apate kazi, popote alipo. Namwitikia amina. Nimechoka kuitikia, Baba.

Juzi nililiona fundo lile tena. Gunia halina mwenyewe, mahali pale pale kando ya mizani. Nilifukuza wamama, nikapiga magoti, nikafungua, kamba nikaitia mfukoni. Viazi tu. Nililia mbele za watu, wakadhani nakukumbuka wewe. Daudi amerudi, na nadhani anapima kama bado kuna mtu anayeangalia.

Nina hasira nawe. Ulituokoa mchana mmoja, ukamwachia yeye siku zingine zote. Ningekuwa wewe, labda ningefanya vivyo hivyo. Ni mtoto wako. Ni ndugu yangu, alinibeba mgongoni tukikimbia moto.

Sioni mwisho mzuri. Nikisema, Mama atanizika nikiwa hai. Nikinyamaza, soko litalipuliwa.

Kamba zote mbili ziko mfukoni mwangu. Nikimaliza hapa nateremka kituo cha polisi. Pumzika, Baba. Nakuahidi nitaziweka mezani, na nitalitaja lile jina ulilokataa kulitaja.

Leah wako