Siku Kumi za Kadi ya Njano

Jumatatu, 3 Machi
Faili la safari ya mke wangu limekamilika. Pasipoti, viza, tiketi. Leo chanjo ya homa ya manjano, niliyoiweka mwisho kwa kuwa ndiyo nyepesi. Anaondoka Jumapili. Jumanne inayofuata kitinda mimba wetu anapasuliwa moyo huko alikoolewa. Ameomba kitu kimoja tu: kabla hajafumba macho, amwone mama yake.

Muuguzi alianza, "Mzee, hii chanjo ina siku zake —" Nikamkatiza. Nilimtaka kwanza aandike tarehe kwenye kadi ya njano isomeke! Akaiandika upya. Hakuendelea tena.

Jumapili, 9 Machi
Amerudishwa.

Dada wa kaunta, pale uwanja wa ndege, aliisoma tarehe bila hata kuiinua kadi. Akasema kadi ni halali ila haijaiva: hutambuliwa siku kumi baada ya sindano, nasi tunazo sita. Nikauliza kwa nini hatukuambiwa. Akaniuliza ni nani aliyekagua masharti. Nyuma yetu mtu akapaza sauti, "Mzee, sogea basi, wengine kadi zetu zimeshaiva!" Watu wakacheka.

Nilitaka kumbebea mke wangu sanduku. Akalibeba mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nilikwenda kwa wakala wa tiketi na sauti ya darasani. Akanisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, sisi tunauza kiti. Karatasi za anayekikalia ni juu yake mwenyewe." Njia nyingine? Hakuna, sharti ni la nchi anakofikia.

Jioni binti akapiga simu. "Baba, Mama ameshapanda?" Nikasema ndege imechelewa. Miaka arobaini nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo! Akasema basi, atamkuta akiamka.

Mke wangu alisikia. Aliinuka, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumatano, 12 Machi
Alipasuliwa jana. Hajaamka.

Alhamisi, 13 Machi
Kadi imeiva leo. Ndege yenye nafasi ni ya Jumamosi.

Mkwe amepiga. Daktari ameruhusu simu iwekwe sikioni mwa binti — huenda anasikia. Mke wangu yuko sebuleni, anamsimulia habari za jirani mbishi, za bomba lililopasuka, za paka aliyezaa ndani ya kabati. Anacheka, kabisa, kama vile wamekaa mkeka mmoja. Mimi hajanitaja.

Baada yake ni zamu yangu. Naandika kwanza hapa nitakayosema. Nimefuta mara tatu. Sentensi zote zilikuwa sanifu, na zote zilianza na mtu mwingine: muuguzi, wakala, dada wa kaunta.

Imebaki moja. Mwanangu, ndege haikuchelewa, mimi ndiye niliye —

"Mwalimu!" mke wangu anaita kutoka sebuleni. "Njoo. Anakungoja."