Mpira wa Kioo cha Gari la Baba

Jumatano. Msambweni kumenyesha tangu alfajiri, na leo mvua hainitishi hata kidogo.

Wiki iliyopita ilinitia aibu. Nilikuwa nampeleka mama kliniki kwa gari la marehemu baba, lile kuukuu la rangi ya maziwa. Maji ya mvua yakaingia juu ya kioo cha mbele yakammwagikia mapajani, buibui likamganda. Hakugomba. Alisema tu, "Liuze. Mimi silipandi tena."

Roho iliniuma. Sina kitu kingine cha baba.

Jana nikaung'oa mkanda wa nikeli unaozunguka kioo, polepole, kwa bisibisi niliyoivika kitambaa. Chini yake mpira ulikuwa umevimba na kulegea kama mkate uliochovywa chai. Tena ukinukia nazi.

Lo! Kumbe mharibifu ni mimi.

Kila Ijumaa nilikuwa naupaka mafuta ya nazi, kama alivyofanya baba. Huku kwetu mafuta ya nazi ni ya nywele, ya magoti, ya bawaba za mlango. Hakuna aliyeniambia kwamba mpira yanaula.

Leo nimetia mpira mpya. Nilikitoa kioo, nikakivisha mpira, nikazungusha kamba ndani ya mfereji wake, nikapaka maji ya sabuni, nikakiegemeza mahali pake. Sasa mtu mmoja akandamize kioo kwa nje, mwingine avute kamba kwa ndani. Nyumbani tulikuwa mimi na mama tu.

"Mama, niazime mikono."

Alinuna, lakini alikuja bandani. Nikavuta, akakandamiza, na ukingo wa mpira ukaruka bati la dirisha kidogo kidogo mpaka ukakaa. Fundi gani angenishinda? Nikalitoa gari nje kwenye mvua, na mama, bila kuombwa, akaingia akaketi mbele.

Tukangoja. Nikamwambia ukweli kuhusu mafuta, na nani alinifundisha.

Akapapasa mapaja yake. Makavu.

"Nilimwambia babako miaka yote, mafuta yangu ni ya kichwa, si ya gari." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akafunga mkanda. "Haya, twende."

"Wapi, mama?"

"Popote, kabla mvua haijakatika."

Tulifika Munje tukarudi, hatukuwa na shughuli yoyote huko. Gari haliuzwi.