Mikono ya Yaya Kazadi

Jumanne

Mikono yenye kunuka samaki. Ni vile kaka yangu mukubwa, yaya Kazadi, aliita mikono yangu mbele ya familia yote.

Figo za mama zilikufa, na muganga alitueleza njia mbili za kusafisha damu yake: mashine ya Lubumbashi, mara tatu kila juma, ao maji ya kuingiza mu tumbo, hapa nyumbani, kila siku. Minye nilitaka ya tumbo. Yaya akasema, "Weye muuza samaki utamutia mama mikrobe."

Tukafuata mashine. Barabara ilimumaliza mama mpaka muganga mwenyewe akabadilisha, akachagua ya tumbo. Infirmière, muuguzi wake, akanifundisha minye kuifanya. Mutu yeyote wa kumugusa mama lazima anawe kwanza.

Leo yaya, pasta muzima, alikuja kumuwekea mama mikono na kumuombea. Nikamuzuia kwa mulango na sabuni. Akanawa. Nikanusa vidole vyake.

"Yaya, rudilia."

Akarudilia mara tatu, wamama wa kanisa wakimuangalia.

Naogopa, kusema kweli. Siku nikikosea, atasema alijua.

Lakini mikono yake ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.