Gemu ya Nchagwa

Waitara, nimefukuzwa. Bibi Mokami amenifukuza kama mwizi wa ng'ombe!

Dhahabu yote niliyopata mgodini Nyakunguru niliimalizia dukani kwa Maftah. Nikachagua gemu yenye vitufe vikubwa, maana vidole vya Nchagwa bado vidogo. Maftah akauliza, "Ya nani?" Nikajibu kwa sauti, "Ya mwanangu!"

Mwanangu!

Bibi akanizuia mlangoni. "Sarah nilimwoa mimi, mwanamke nisiye na mtoto, kwa ng'ombe wangu, anizalie kwa mila yetu. Wewe ulizalisha tu. Mtoto ni wa nyumba yangu."

Ulizalisha tu! Sarah alikuwa anasikia. Akainama.

Mimi, mtunga mashairi, nikainyoosha tu gemu.

Nchagwa akapenya, akaipokea gemu. "Asante, mjomba. Inawashwaje?"

Bibi akafunga mlango. Betri ninazo hapa mfukoni.