Programu Inayokula Picha

Mangobo, Jumanne

Bon, disque ya kuhifadhia picha haina ugonjwa. Wiki nzima nimeilaumu bure kwa picha zinazoharibika. Mgonjwa ni ile programu ya zamani ambayo Tonton Ramazani, mwenye studio, anaitumia hapa kuhifadhi picha za wateja.

Leo nimeijaribu kwenye disque ndogo, tupu. Iliandika vizuri mpaka ikajaa. Halafu haikusimama wala haikulalamika. Ilirudi mwanzoni, ikaanza kuandika juu ya picha za zamani. Mwishowe ikaniambia: copie imefaulu.

Na ile disque kubwa ya studio imejaa tangu mwaka jana.

Nikaifungua. Picha ya kwanza ilikuwa ya papa mmoja, mzee wa Yanonge, sasa ni marehemu. Juu nimeona uso wa bibi arusi wa Jumamosi. Chini, viatu vya yule papa. Nikafunga haraka.

Kwenye kompyuta yenyewe hatubakishi kitu, tunafuta kila tukishanakili. Kesho Mama Furaha anakuja kuchukua picha ya mtoto wake aliyekufa, aliyekuwa askari pale Kapalata, ya kuweka kwenye matanga. Hana nyingine. Nimeogopa kuitafuta, maana nikiikosa nitamwambia nini...

Nilimkimbilia Tonton uani, alikuwa anazima groupe, jenereta ya studio. Nilipotaja tu disque, akacheka, hakuningoja nimalize.

"Usiogope, mutoto yangu. Tangu asubuhi courant iko inakatika, donc nilishafanya copie mara tatu kwenye ile disque kubwa."