Bata Bukini Wasioruka wa Buswahili

Jumapili, Julai. Mwisenge.

Kipupwe kimeuma leo. Upepo wa ziwani unavuma tangu asubuhi, nami sasa nimejifungia ndani. Sitaki kuonana na mtu.

Nimekula bata bukini. Nimekula nikaongeza.

Kila kipupwe mimi ndiye ninayemsaidia ofisa wa wanyamapori kuwahesabu. Mvua zikiisha, bata hawa huacha mashamba ya mpunga ya Bunda na kukusanyika kwenye maji yasiyokauka, na huko manyoya ya mabawa yao hunyonyoka. Kwa wiki kadhaa hawaruki. Mwaka huu ghuba yetu ya Musoma, tulikozoea kuwakuta, haikuwa na hata mmoja. Niliwatafuta mpaka nikawakuta kwenye kinamasi cha Buswahili, wamejibanza kwenye matete. Nilifurahi kama mtoto.

Furaha ikaniponza. Nilipitia kwa dada, mtaa wa Nyakato, nikamsimulia shemeji, mumewe, kila kitu: walipo, na kwamba hawawezi kuruka. Nilijiona mtaalamu. Shemeji alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo kilipoyumba, na sasa anauzia nyama ya ndege wa porini baa zilizochipuka tangu serikali ituambie biashara ni ruksa. Nilijua hilo, na bado nikaropoka.

Leo baada ya misa dada alinikaribisha chakula. Sikuuliza ni nyama gani. Nilipotoka kunawa, nikaona nyuma ya jiko rundo la mabawa, kila moja na kipi chake, ule mwiba wa kwenye bawa, manyoya mapya ndiyo kwanza yanachomoza. Kwa mazoea nikaanza kuhesabu. Nilishindwa kumaliza.

Dada aliniona. "Wiki hii watoto hawajalala njaa, kaka," akasema taratibu, akarudi ndani.

Shemeji akanisindikiza mpaka barabarani. "Shemeji, wale wengine wanalalaga wapi? Huko Buswahili wamekwisha."

Alisema kama mtu anayesema sukari imekwisha dukani.

Wengine nawajua walipo. Ni wachache, wako karibu na mdomo wa mto Mara. Nikamwambia sijui, na huo ni uongo usionisuta.

Kesho ofisa anakuja. Nikinyamaza, ataandika kwamba bata wamepungua kwa sababu ya ukame, na mwaka ujao hakuna atakayewalinda. Siwezi kumwachia aandike hivyo. Nitamwambia ni mimi niliyetoa siri ya walipo.

Naye ataniuliza nilimwambia nani. Hapo sasa, dada yangu, nimjibu nini?